Sabuni ya Injinia

Baba yangu alistaafu akiwa karani wa masjala, lakini mtaani wanamwita Injinia, na kosa ni la hao waliomzoesha. Gari lake linanizidi umri, na asubuhi ile lilikuwa na kazi moja tu: kumfikisha mama hospitali saa nne, akatolewe mtoto wa jicho. Nafasi hiyo tuliisubiri miezi minane. Ukiikosa unarudi mwisho wa foleni, na mama alikuwa amebakiwa na mwanga wa kutofautisha mlango na dirisha, basi.

Saa mbili gari liliwaka, likakohoa, likatetemeka, likazima. Baba akafungua boneti. Mtaani kwetu boneti ikifunguliwa, wanaume hutokea hata kwenye nyumba zisizo na wanaume. Jirani alikuja na sigara mdomoni, akasema ni plagi. Shemeji yangu, anayeuza viatu, akasema ni kabureta, akaigonga kwa bisibisi ili kuthibitisha. Baba akasema gari limeshikwa na baridi tu, ingawa sote tulikuwa tunatoka jasho.

"Huku nyuma kunanuka petroli," mama alisema. Tulikuwa tumeshamketisha kiti cha nyuma, mkoba mapajani.

"Mama watoto, tuachie sisi tunaoona," baba alimjibu, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Nikasema naita teksi. Baba akasema mke wake hapelekwi hospitali na mtu baki wakati yeye yu hai na ana gari.

"Na huyo anayevuta sigara asogee," mama akaongeza, "tusije tukafika hospitali kwa sababu nyingine."

Jirani akaenda kuizima kwake, na hakurudi. Mimi nikampigia fundi.

Alifika saa tatu kasoro. Alimwamkia mama kwanza, kisha akamwuliza harufu inatokea upande gani. Mama akanyoosha kidole kwenye kona ya kulia. Fundi hata hakuigusa boneti. Alilala chali chini ya tangi, akatoka na povu vidoleni.

"Mzee, hii ni sabuni?"

Baba akakohoa kuliko gari. Mpira unaopeleka mafuta tangini ulikuwa umepasuka mwezi uliopita, naye akauziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia bila kumwambia mtu.

"Sabuni inaziba, kwa muda," fundi alisema. "Ila hii imelowa ikaisha. Nani anaosha hili gari?"

"Mimi mwenyewe," baba alisema, kifua mbele. "Kila siku, na maji ya bomba, mpaka uvunguni."

Hata shemeji alielewa. Maji yalikuwa yameyeyusha sabuni, yakapenya kwenye ufa ule hadi tangini, na petroli nayo ikawa inavujia hapo hapo. Mwezi mzima Injinia alikuwa anainywesha injini maji ya kuoshea gari.

"Leo haliendi popote," fundi alisema.

Niliita teksi bila kuomba ruhusa. Tulifika dakika sita kabla jina la mama halijaitwa. Baba alikaa mbele na hakumwelekeza dereva njia hata mara moja, ndipo nikajua ameumia.

Kesho yake bandeji ilitolewa hukohuko hospitali. Tuliporudi, tulimkuta baba uani, ameshika ndoo na kitambaa. Mama akasimama mbele ya gari, lile ambalo miaka yote aliambiwa linang'aa kama siku lilipotoka dukani. Aliitazama kutu. Akautazama mlango mmoja wa bluu kwenye gari jeupe.

"Huu mlango ni wa gari gani, baba watoto?"

"Sijui," baba alisema. "Nilitaka ukipona ulikute safi. Nimesugua sana. Kutu haitoki."

Tangu jana nilikuwa nimemwandalia maneno makali, lakini niliyaacha yote. Mama akamnyang'anya ndoo, akayamwaga maji pale pale chini.

"Pumzika," alimwambia. "Nimeshaliona."