Mfuko Ulioachwa Ndani

Fundi wa nguo alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba atapasuliwa na binti yake mwenyewe, daktari bingwa, si mchezo. Hata waliokuja kupunguziwa suruali hawakuondoka bila habari hiyo. Macho yalikuwa yamegeuka manjano, homa inapanda na kushuka, lakini kichwa juu.

Kwa hiyo binti alipofika karakanani na kusema kisu atakishika daktari mwingine, mwanafunzi wake wa zamani, mama alinuna. Angeuweka wapi uso wake?

Binti hakubishana. Alichukua chaki akachora kwenye kitambaa mrija unaoshusha nyongo kutoka kwenye ini hadi utumboni. Uvimbe wa mrija huo uko wa aina tano, alieleza. Kuna unaochomoza ubavuni, kuna unaokaa mwishoni pale mrija unapoingia utumbo, kuna unaotokea sehemu kadhaa kwa pamoja, na kuna wa ndani ya ini tu. Wa mama ulikuwa ule unaopata watu wengi zaidi: mrija wenyewe umetanuka ukawa mfuko. Utotoni mwake madaktari waliuunganisha na utumbo wakauacha mlemle. Sasa umeleta mawe na maambukizi, na ukiachwa tena unaweza kuzaa saratani, kama haujazaa tayari. Safari hii unatolewa wote.

"Basi utoe wewe," mama alisema.

"Mama, gauni langu la harusi alishona nani?"

Karakana ile ilikuwa na sheria aliyoitunga fundi mwenyewe: hakuna kushona nguo ya harusi ya mwanao, maana machozi yanaharibu kipimo. Gauni lile alimwachia mwanafunzi wake, akajifungia jikoni mpaka lilipokwisha. Alikuwa amepatikana, na alijua.

"Huyo daktari wako," aliuliza hatimaye, "unamwamini?"

"Nimekuletea yeye, mama."

Bandeji ilipofunguliwa siku chache baada ya upasuaji, majibu ya maabara yalikuwa yameshafika: hakuna saratani. Binti alilia bila kujificha. Mama yeye aliomba kioo kwanza, akaukagua mshono kwa jicho lilelile lililowahi kufumulisha magauni ya watu. Daktari aliyemshona alisimama kando ya kitanda, roho mkononi.

"Umenyooka," mama alimwambia. Kisha akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa ameuliza kitu.

"Kupasua wanapasua wengi," alisema. "Wangu anafundisha."