Ziara Kumi na Tano za Bi Mwatima

Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 2007, saa kumi na moja za jioni, Mwanasiti alimvalisha bintiye soksi pea mbili, akamfunga kwenye kigari chake, akateremka hadi Barabara ya Coventry kungojea basi la wafanyakazi. Mumewe, Maulid, alikuwa mfagizi katika bustani ya michezo ya Larkholt, nje kidogo ya Birmingham, na kwa wiki mbili za mwisho wa msimu kila mfanyakazi aliruhusiwa kuleta watu wake kutazama onyesho la fataki. Mwanasiti hakuwa na hamu ya fataki. Alikwenda kwa sababu Maulid alikuwa amemwomba mara tatu.

Tangu ajifungue, miezi saba iliyopita, alikuwa hatoki nyumbani kwao Small Heath ila kwenda kununua maziwa. Hakuwa na homa wala kidonda. Chakula kilikuwa hakimpiti, na jioni alikaa kitandani na mtoto mapajani bila kuwasha taa. Maulid akirudi humkuta gizani.

"Mwana, una nini?"

"Sina kitu."

Alichokitaka alikuwa ameshakisema mpaka maneno yamemwishia. Alimtaka mama yake.

Mama yake, Bi Mwatima, alikuwa Unguja, ghorofa ya tatu katika majumba ya Michenzani. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita. Kwa miaka thelathini alikuwa amekaa posta na vipokezi masikioni, akiwaunganishia watu simu za ng'ambo. Mara tatu alikuwa ameomba viza ya wiki sita aje ampakate mjukuu wake, na mara tatu ofisi ya viza ilimjibu kwa sentensi ile ile: haikuridhika kwamba akishaingia Uingereza ataondoka.

Saa moja kamili taa za Larkholt zilizimwa. Mbele ya uwanja palikuwa na kasri la saruji, na projekta nne zilimwaga picha juu ya ukuta wake. Likatoka joka, likatema moto, na fataki zikapaa nyuma ya minara. Kisha ukuta ukawa bahari, kisha ukawa msitu, kisha ukawa ubavu wa jumba la Michenzani, na madirisha yake, na nguo zilizoanikwa, na madishi ya televisheni. Kwenye ghorofa ya tatu mlango ulifunguka. Bi Mwatima akachungulia aone ni nani anayepiga baruti wakati watu wanataka kulala.

Watu walipiga makofi, kama walivyolipigia joka.

"Mwanasiti!" aliita kutoka juu. "Mbona umekonda hivo?"

Aliingia ndani, akarudi amevaa baibui na ameshika sahani iliyofunikwa kitambaa, akaanza kushuka kwa ngazi ya mafundi iliyo ubavuni mwa kasri. Fundi wa projekta, mzee mmoja wa Handsworth aitwaye Tarsem, alikimbia na tochi kumwangazia. Tarsem alizaliwa Kisumu, akaondoka na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili, na Kiswahili alichobaki nacho kilikuwa cha utotoni.

"Mama, kuja pole pole," alisema. "Ngazi iko mbaya hapa."

"Ahsante, baba. Naiona."

Maulid aliweka ufagio chini, akaenda kumbusu mkono mkwewe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mke wako hali chakula?"

"Hali, mama."

Bi Mwatima akakaa kwenye benchi, akamtoa mtoto kwenye kigari, akamnusa shingoni, kisha akamweka mbali kidogo amtazame vizuri. "Asmahan. Ndiwe weye?" Mtoto akamshika pua. Mwanasiti alisimama tu, machozi yanamtiririka. Mama yake akafunua sahani. Ilikuwa halua iliyobaki ya Idi, iliyopita wiki moja nyuma.

"Kula kwanza. Utalia baadaye."

Mwanasiti akala. Alikula vipande vinne, amesimama, na fataki za kijani zinapasuka juu yao.

Onyesho lilikuwa la dakika kumi na nane. Tarsem alipiga mluzi ilipobaki moja. Bi Mwatima akampakia mtoto kwenye kigari, akapanda ngazi, akaingia kwake, akafunga mlango. Ukuta ukawa theluji, na taa zikawashwa.

"Mama kanenepa kidogo," alisema Maulid ndani ya basi.

"Kidogo," alisema Mwanasiti.

Usiku ule alilala saa sita mfululizo.

Kesho yake Bi Mwatima alikuja tena, na keshokutwa. Bibi msimamizi wa bustani hakuwa na pingamizi. Alitaka tu kila anayepita nyuma ya kamba avae koti la manjano linalong'aa, kwa ajili ya usalama. Bi Mwatima alilivaa juu ya baibui. Kofia ngumu aliikataa, kwa sababu haikukaa juu ya ushungi, na bibi msimamizi akaandika kwenye daftari lake kwamba kofia imekataliwa.

Hakuja kukaa bure. Usiku wa tatu alileta uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Usiku wa nne alimkalisha Mwanasiti nyuma ya kibanda cha vinywaji, akamkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, kazi ambayo ilitakiwa kufanywa ndani ya siku arobaini za uzazi na haikufanywa na mtu. Usiku wa tano alikuwa amefunga saumu ya sita ya baada ya Idi, amechoka, basi alikaa tu na mjukuu kifuani, wote wawili wakalala, na Tarsem ilimbidi aje amguse bega.

Usiku wa sita waligombana.

"Kila nikikupigia simu unanambia uko salama," alisema Bi Mwatima. "Unakula? Nakula. Unalala? Nalala. Miye miaka thelathini nasikiliza watu wanaongopa kwenye simu, Mwanasiti. Ulidhani sitokujua?"

"Ningekwambia ungefanya nini, mama? Ungepanda nini uje?"

"Ningejua! Mtu akijua haachi mwanawe aumie peke yake!"

"Uko mbali!"

"Nani alokwenda mbali?"

Walisemezana mpaka mluzi ukapigwa. Bi Mwatima alipanda ngazi bila kuaga, akafika juu, akageuka. "Kesho ntaleta samaki," alisema, akafunga mlango. Mwanasiti alicheka peke yake katikati ya uwanja, na Maulid, aliyekuwa akifagia makaratasi hatua chache kutoka pale, alisimama amsikilize, maana kicheko kile hakuwa amekisikia mwaka mzima.

Saa za Uingereza ziliporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, Bi Mwatima alishuka akipiga miayo, akalalamika kwamba wenyeji wanageuza saa bila kuwaarifu wageni. Lakini hakukosa.

Usiku wa kumi na tano, Jumamosi, alisema kesho haji.

"Kesho ndo mwisho, mama," alisema Mwanasiti. "Bustani inafungwa mpaka Pasaka."

"Najua. Miye nshakuja mara kumi na tano. Weye hujaja kwangu hata mara moja. Watu hutembeleana."

Maulid aliacha kufagia. "Na asipowahi kurudi?" aliuliza.

Bi Mwatima alimtazama kwa huruma. "Ana mume huku, ana nyumba. Kwa nini asirudi?"

Jumapili, ukuta ulipokuwa Michenzani, Mwanasiti alipanda ngazi ya mafundi na mtoto mgongoni. Tarsem alimwangazia. "Dakika kumi na moja iko," alisema. "Mimi ntapiga filimbi nguvu."

Ndani mlikuwa na joto na harufu ya udi. Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekaa mkekani wakimngoja: mashangazi na majirani wa ghorofa ya pili. Mwanamume alikuwa Ussi peke yake, mdogo wake Mwanasiti, aliyesimama pembeni kwa haya. Asmahan alipita mapaja hata mapaja. Shangazi mmoja alimsomea dua, mwingine alimtia wanja kwenye nyusi, mwingine akasema miguu ni ya marehemu babu yake kabisa. Mwanasiti aliwekwa juu ya mto, akapewa chai ya tangawizi. Hakuna aliyemuuliza habari za Ulaya. Walimweleza habari za mtaani, nani kaposwa, nani kahama, kana kwamba alitoka asubuhi kwenda sokoni.

Akaona kwamba anaweza kubaki. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: angekaa tu pale juu ya mto, anywe chai yake mpaka iishe.

Alinyanyuka akaenda barazani kupata hewa. Chini, pale ambapo ingekuwepo barabara ya Michenzani, aliuona uwanja wa Larkholt umejaa watu walioinua nyuso, na katikati yao Maulid. Hakuwa akitazama fataki. Alikuwa ameushika mpini wa kigari kitupu kwa mikono miwili, amevua koti lake akalitandika ndani, ili mtoto akirudi apakute pana joto. Kutoka juu alionekana mdogo sana.

Mwanasiti alirudi ndani. "Mama, nipe mwanangu."

Bi Mwatima alikuwa ameshamfungia furushi. "Haya, nenda. Mumeo kasimama baridini."

Alifika chini ikiwa imebaki dakika nzima.

Mwezi huo huo walijaza fomu ya nne ya viza kwa simu, Mwanasiti akiuliza na mama yake akijibu. Palikuwa na swali linalouliza kama mwombaji amewahi kufika Uingereza.

"Andika mara kumi na tano."

"Mama, wataona ajabu."

"Sitosema uongo kwenye karatasi ya serikali. Andika."

Tarsem aliongeza barua yake. Alieleza kwamba yeye mwenyewe alimshuhudia mama huyu akiingia na kutoka, kila siku, na kwamba hakuchelewa kutoka hata mara moja.

Majibu yalitoka Januari. Bi Mwatima alimpigia simu bintiye, akamsomea kwa Kiingereza chake cha posta, taratibu, akimpa kila neno haki yake. Maelezo yake yalikuwa yamezingatiwa. Kwa kuwa mwombaji amekiri kuingia mara kumi na tano bila kibali, na kwa kuwa hakuna kumbukumbu ya kuondoka kwake hata mara moja, ofisi haikuridhika kwamba akishaingia Uingereza ataondoka.

Karatasi ikasikika ikikunjwa.

"Yaani hawana hakika kama niliondoka," alisema Bi Mwatima.

"Ndivo wanavosema, mama."

"Na barua wameileta wapi? Si wameileta hapa Michenzani?"

Mwanasiti alifumba macho, akacheka, na mama yake akacheka, na gharama ya kicheko chote kile ikaenda kwa kampuni ya simu.

"Haya," alisema Bi Mwatima alipopata pumzi. "Bustani inafunguliwa lini?"

"Jumamosi ya Pasaka. Tarsem kasema onyesho ni lile lile."

"Na Asmahan keshaanza kwenda?"

"Anashika meza. Anakwenda hatua mbili, anakaa."

"Basi mpaka Pasaka atakuwa anapanda mwenyewe. Ngoja hapo, usikate. Hizi ndoo za maji nimezipanga mlangoni, ataziparamia."

Akaiweka simu chini. Mwanasiti, amesimama karibu na dirisha lake la Small Heath, akazisikia ndoo zikiburutwa sakafuni moja baada ya nyingine, njia ikisafishwa.