Hoja Imepokelewa

Kwa miaka ishirini na miwili karani alikuwa akiandika kumbukumbu za kikao cha pande tatu: serikali kichwani pa meza, waajiri kulia, vyama vya wafanyakazi kushoto, na maji ya chupa kila mahali kana kwamba wanavuka jangwa. Lugha ya chumba kile aliijua kuliko wenyewe. "Imekubaliwa" maana yake itafanyika. "Imeahirishwa" maana yake subirini. "Imepokelewa" maana yake tumewasikia, sasa nendeni zenu.

Jumanne ile walikuwa wakipanga vipaumbele vya taifa. Katibu wa wafanyakazi akaomba ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la saruji uingizwe kwenye orodha ya magonjwa ya kazini, ili wagonjwa watibiwe na viwanda vilivyowaumiza. Mwenyekiti akapiga miayo, akasema hoja imepokelewa. Wiki mbili baadaye mgonjwa mmoja aje ajieleze, ndipo wataamua. Mgonjwa huyo alikwisha kuchaguliwa: mdogo wake karani, miaka kumi na saba kwenye mashine ya kufungasha saruji, sasa hapandi ngazi tatu bila kuketi.

Jioni alimkuta kitandani, mito minne mgongoni.

"Vipi dada, wamesemaje?"

"Imepokelewa," akajibu huku akivua viatu.

"Imepokelewa! We! Hebu sema tena."

Angemwambia pale pale kwamba kupokelewa si kukubaliwa. Lakini mtu aliyekuwa akisukuma sahani wiki nzima aliomba chakula, akala akamaliza, akampigia simu mwenzake wa kiwandani, wakacheka mpaka kikohozi kikawakatiza wote wawili. Nani angekuwa na roho ya kuizima furaha ile? Karani akajipa moyo kwamba siku ikifika ndugu yake atakwenda tu, atasema yake, na uongo utageuka kuwa kweli. Wiki mbili nzima akafyata ulimi. Lawama ni zake, na mwenyewe hakatai.

Siku ya kikao alitoka nyumbani mapema, mgonjwa bado amelala. Saa nne kiti cha mgonjwa kilikuwa kitupu. Saa nne na nusu dereva wa chama akaingia, akamnong'oneza katibu kwamba mtu wao amegoma kupanda gari. Mwajiri mmoja akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba pengine ugonjwa wenyewe si mkubwa kama ulivyoelezwa. Mwenyekiti akaangalia saa.

Karani akakimbilia kwenye korido, akapiga simu.

"Mbona hukuja?"

"Nije kufanya nini tena, dada?" Sauti ilijaa furaha, pumzi zikimpaa. "Si imepokelewa? Nimemwambia dereva nafasi yangu wampe mwenye shida, sisi tumeshapata. Eh, dada? Unalia?"

Akarudi ndani, uso umelowa. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akafungua mdomo kikaoni.

"Mheshimiwa, kosa ni langu. Mimi ndiye niliye..."

"Karani," mwenyekiti akamkata bila kuinua macho, "wewe kazi yako kuandika."

Wote wakamsubiri. Akaketi, akaandika kama mwenyekiti alivyomsomea: mgonjwa amekataa kufika kwa hiari yake mwenyewe, hoja imeondolewa.