Dole Gumba la Tabea

Wodi ya wanawake ya hospitali ile ya Makambako ilikuwa na kitabu kimoja tu, cha jiografia cha darasa la sita, kilichosahauliwa na mgonjwa aliyeruhusiwa. Tangu Jumatatu Esnath alikuwa akimsomea Tabea humo. Macho ya Tabea yalikuwa yameingia ukungu. Akisomewa, kikohozi kilimwacha kidogo.

"Polepole," Tabea alisema. "Hapo jangwani pana joto."

Miaka kumi na moja walikuwa pamoja kwenye shamba la maparachichi upande wa Wanging'ombe. Esnath alipalilia. Tabea alibeba bomba la dawa ya wadudu mgongoni, kanga imefungwa puani, maana barakoa ziliahidiwa kila msimu na hazikuja.

Kivuli kiliangukia ukurasa. Alikuwa Clemens, msimamizi wa shamba, na boksi la juisi mkononi.

"Kamwene, mama Tabea," alisalimia.

Mama? Shambani alimwita "wewe wa bomba". Esnath aliitazama folda ya kaki ambayo Clemens aliibana kwapani.

"Ofisi inakukumbuka," Clemens alimwambia mgonjwa.

"Mbona haikumkumbuka alipokuwa anatapika kule kwenye miche?" Esnath aliuliza.

Clemens alicheka. "Dada, punguza kushuku watu. Hebu nenda pale dirishani kwa karani, wanamwita ndugu wa mgonjwa. Mambo ya bima."

"Nani ananiita?"

"Ukichelewa, faili lake linawekwa pembeni. Shauri yako."

Esnath hakumwamini. Lakini faili aliliogopea. Akaenda, akigeuka nyuma mara mbili.

Karani wa dirishani hakuinua hata uso. "Sijaita mtu, mama."

Alirudi mbio. Clemens hakuwepo. Juisi ilikuwa juu ya kabati, haijafunguliwa, na dole gumba la Tabea lilikuwa la bluu mpaka kwenye kucha. Shuka nayo ilikuwa imechafuka wino.

"Kaniachia nakala," Tabea alisema. "Kasema ni ya matibabu. Nisomee, mdogo wangu."

Esnath alisoma kimoyomoyo. *Mimi mfanyakazi nathibitisha kuwa nilikuwa na ugonjwa wa mapafu kabla ya kuajiriwa. Nilipewa vifaa vyote vya kinga. Sina madai yoyote.* Chini yake, alama ya dole ilikuwa bado mbichi.

"Mbona kimya?"

"Maandishi madogo, dada."

"Jitahidi."

Esnath aliishika karatasi kwa mikono miwili. "'Shamba litamtibu mfanyakazi wake,'" alisoma, "'mpaka apone kabisa.'"

Tabea alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Kisha akainua ule mkono wenye wino, akaonyesha kitanda cha pili, ambako msichana mmoja alilala akihema kwa shida, kitambaa chenye maji machoni.

"Paza sauti, na huyu asikie," alisema. "Naye ni wa bomba."

Msichana akageuza shingo kuwaelekea. Esnath akakohoa kusafisha koo, akaanza upya.