Kiasi Kiko Mkononi

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, karani wa masoko aliingia jikoni mwa kiwanda cha sabuni akiwa na daftari, kalamu mbili na mzani mdogo wa kupimia barua. Mpishi alikuwa mbele ya sufuria la lita sitini, akimenya tangawizi kwa ukingo wa kijiko. Wafanyakazi walimwita Bi Mwiko, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila mwiko, na kwa kuwa kuugusa mwiko wenyewe kulikuwa mwiko.

Supu yake ilikuwa ya kuku, viazi, karoti na tangawizi. Haikuwa na siri. Aliyefiwa akiinywa, alipata usingizi. Waliogombana wakiinywea meza moja, walianza kupitishiana chumvi. Wasimamizi walilijua hilo, na mwenye msiba alipangiwa kula zamu ya kwanza, basi.

"Shikamoo mama. Naomba mapishi," karani alisema. "Kila katoni ya sabuni itakuwa na kijitabu chake. Vyakula na vinywaji vya kumliwaza mtu, vya kujipikia nyumbani."

"Marahaba. Andika. Kuku mmoja, watu sita. Viazi kiasi. Tangawizi kiasi."

"Kiasi gani?"

"Kiasi."

"Na chumvi?"

"Chumvi ndiyo kiasi hasa."

Karani akausogeza mzani. "Mama, wasomaji watataka gramu."

"Gramu sizijui mimi. Kiasi kiko mkononi, mwanangu."

Karani, kijana mtiifu, aliandika: *Kiasi: kiko mkononi.*

Mke wa Mkurugenzi, ambaye jina lake lilikuwa limeshachapwa kwenye jalada kabla ya pishi hata moja kuandikwa, aliijaribu supu nyumbani kwake mara nne. Mara zote nne mbwa alinusa akaenda zake. Ndipo aliposoma daftari vizuri, akaona kasoro ilipo. Mkono haukukabidhiwa.

Ijumaa Bi Mwiko aliitwa ofisini kwa afisa utumishi, ambaye watu walimwita Kanuni kwa kulipenda mno neno hilo. Fomu ilikuwa na nakala tatu.

"Ni kuazima tu, mama. Wiki mbili."

"Mkono wa kulia?"

"Huo wa kupikia. Wa kushoto tunakuachia, sisi si watu wabaya."

Akauliza atatiaje sahihi bila mkono. Akaambiwa asaini kwanza. Alisaini, na mkono ukafunguka kwenye kifundo kama kifuniko cha chupa, bila tone la damu, ukalazwa kwenye trei juu ya kitambaa safi. Karani akaandika stakabadhi: mkono mmoja, wa kulia, una kovu la mafuta.

Ikumbukwe kwamba kiwanda hikihiki, mwaka ule wa mgomo, kiliazima masikio ya mlinzi wa lango kwa siku tatu. Mpaka leo mlinzi anasoma midomo. Kiliazima pia sauti ya fundi mitambo, ambayo bado inatangaza sabuni redioni kila asubuhi baada ya habari, na mwenyewe humwita mkewe kwa kupiga makofi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wahenga hawakuajiriwa hapa. Hapa aliyeazima ndiye husitirika, mwenye nguo akabaki uchi.

Nyumbani, mume wa Bi Mwiko alikuwa kitandani mwezi wa tano, tangu kiharusi. Alikuwa fundi saa. Hakuna kilichopita kooni mwake ila supu ile. Jioni hiyo mkewe aliipika kwa mkono wa kushoto, na chumvi ikaanguka kama mgeni aliyekosea nyumba. Mzee aliionja, akafumba mdomo.

"Kunywa, mume wangu. Ni mimi."

Aliutazama mkono wa kushoto. "Mwenzake yuko wapi?"

"Wameuazima. Wiki mbili."

Fundi saa alifikiri kidogo. "Wiki mbili za nani?"

Wiki ya tatu mkanda wake ulitobolewa tundu jipya. Wiki ya tano, la pili. Bi Mwiko akarudi kwa Kanuni.

"Mume wangu hali, bosi."

"Pole sana, mama. Lakini hilo ni la nyumbani."

"Na mkono ni wa wapi?"

"Mkono ni wa kitengo."

Akipita kwenye korido aliuona kupitia kioo. Ulikuwa umevishwa glavu nyeupe, unanyunyiza chumvi kwenye mapipa ya supu ya pakiti, bidhaa mpya ya kiwanda, kiasi, kiasi, zamu tatu kwa siku. Ukutani lilibandikwa jalada la kijitabu: mke wa Mkurugenzi anatabasamu, na mkono ule umeshika mwiko mbele yake, umevishwa pete yake. Mkono ulimwona Bi Mwiko ukagonga kioo mara mbili. Bi Mwiko alitamka neno moja tu, "Njaa," bila kutoa sauti. Mlinzi wa lango, aliyekuwa akipita koridoni na akalisoma midomoni mwake, aliinamisha kichwa.

Kila Alhamisi kiwanda kilionjesha supu langoni, bure, na mkono ndio uliogawa. Bi Mwiko alimketisha mumewe kwenye kiti cha magurudumu, wakapanga foleni tangu saa mbili. Walifika mbele saa tano kasoro. Mkono ulichota, ukasita. Ukaiweka mezani ile supu, ukasubiri ipoe. Kisha ukamlisha, ukampangusa kidevu kwa kidole gumba.

Fundi saa alimeza.

"Ongeza," alisema.

"Kijiko kimoja kwa mteja, mzee wangu," Kanuni alisema. "Ni kanuni." Akampa Bi Mwiko karatasi ya maoni: *Je, utawashauri wenzako wajaribu supu ya Mke wa Mkurugenzi?*

"Tunamjua mpishi," Bi Mwiko alisema.

"Jibu ndiyo au hapana, mama. Watu wanasubiri."

Aliirudisha karatasi tupu, akakigeuza kiti, akakisukuma hadi mwisho wa foleni. Kulikuwa na watu mia na kitu mbele yao. Jua lilikuwa kali, akamfunika mumewe kichwa kwa kanga yake. Lango lilipofungwa saa kumi, fundi saa alikuwa amekula vijiko vitatu, na Alhamisi nyingine ilikuwa baada ya siku saba.