Kiuno cha Bingwa

Kamba ilikuwa moja, na hapo ndipo maswali yalipoanzia.

Masudi, mwandaaji wa mieleka, aliitoa kwenye mfuko wa shati, kamba ya katani yenye fundo mwanzo na fundo mwisho, akailaza juu ya meza ya Evarista katikati ya soli kuukuu na kopo la gundi, kama mtu anayewasilisha ushahidi mahakamani.

"Urefu ni huo, fundo kwa fundo," alisema. "Ngozi nyeusi, na hili bati la shaba likae katikati, maandishi yamekwisha chongwa. Ijumaa jioni mkanda nauchukua."

"Kiuno cha nani hiki?"

"Cha bingwa."

"Bingwa si anapatikana Jumamosi?"

Masudi akatazama nje, kwenye meza ya Anitha muuza zabibu, kana kwamba jibu lilikuwa limechanganywa kwenye mafungu. "Mama Debora, wewe shona tu," akasema, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Evarista alibaki anaitazama kamba. Alikuwa fundi viatu mwanamke pekee upande ule wa soko la Majengo. Baba yake alisubiri mtoto wa kiume wa kumrithisha nyundo, akapata mabinti watano, akamchagua mwenye viganja vikubwa. Miaka thelathini sasa viganja hivyo vimeshona makubazi ya matairi kwa wafugaji na kubandika visigino vya watumishi wa serikali ambao, mtu akiwaangalia wanavyotembea, angedhani wizara zote zimejengwa juu ya kokoto. Lakini siku ya mieleka alifunga meza. Alikaa safu ya pili kila mara. Safu ya kwanza aliwaachia wanaopenda kuangukiwa na watu.

Na Jumamosi hii haikuwa ya kukosa. Gari la matangazo lilikuwa linazunguka Dodoma tangu asubuhi: viwanja vya Nanenane, Nzuguni, saa tisa alasiri, mkanda wa kwanza wa ubingwa kuwahi kushindaniwa mjini. Upande mmoja Octavian, Nyundo ya Mtera, mvuvi wa zamani wa bwawani, mwanamume mwenye umbo la friji lililosimama mlangoni. Ana miaka arobaini na moja, na goti la kushoto linaloongea kabla yeye mwenyewe hajafungua mdomo. Alikwisha sema hili ni pambano lake la mwisho. Upande wa pili Thobias, Profesa wa Chimwaga, anayeingia ulingoni na joho jeusi na kitabu kinene kama tofali, akawasalimu watu kwa Kiingereza ambacho hakuna aliyekiomba, kisha akawauliza walifeli kidato cha ngapi. Watu walimchukia kwa furaha kubwa. Wawili hao walikwisha kutana mara nne, kila mmoja kashinda mara mbili.

"Kwa hiyo kamba inasema nani?" Anitha aliuliza, amekwisha acha zabibu zake na nzi.

"Kamba haisemi."

"Watu wawili wanapigana, kiuno kimoja kimepimwa. Mimi nimeishia la saba, lakini hesabu hiyo naiweza."

Evarista naye aliiweza, na ndiyo iliyomkosesha raha. Miaka kumi na moja amepiga kelele safu ya pili mpaka sauti ikamkauka. Sasa alitaka kujua jambo moja tu, na alilitaka kama mtu anayewashwa mgongoni pasipofikika: hiki kiuno ni cha nani.

Jumanne Octavian akaja na mabuti yake ya ulingoni, moja limeachama mdomo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Simama hivyo hivyo nikupime."

"Unanipima sanda?"

"Wewe sanda yako itabidi waunganishe mbili. Inua mikono."

Akampitisha kamba kiunoni. Mafundo hayakukutana. Hayakukaribiana hata kusalimiana. Shibiri nzima ya tumbo ilibaki wazi katikati.

"Vuta tumbo ndani."

"Nimekwisha vuta."

Evarista akaiondoa kamba polepole, akajifanya anatafuta sindano. Octavian akakaa kwenye benchi, goti likalia kabla yake.

"Mama anakuja Jumamosi," alisema. "Hajawahi kuniona ulingoni. Kaazima kiti cha plastiki kwa jirani, anakuja nacho toka Mtera. Anasema hawezi kukalia benchi lililokaliwa na kila mtu."

"Mwenyezi Mungu amfikishe."

"Dada, Masudi kakuambia chochote? Maana siku zote ananiambia mapema, leo anguka, leo inuka. Safari hii akiniona anavuka barabara."

Basi ndivyo. Lilikuwa limesemwa, tena na mtu anayefunga kamba za viatu huku anasema. Evarista alidhani moyo utamuuma, akashangaa unadunda tu kama kawaida.

"Na wewe unautaka?" aliuliza.

Octavian akacheka kidogo, akaacha. "Nautaka, dada. Miaka yote nashinda, napigiwa makofi, nakwenda nyumbani mikono mitupu. Nautaka hata kama ni wa kutundika ukutani. Ubaya uko wapi?"

Jumatano ilikuwa zamu ya Profesa, naye alipitia uchochoro wa nyuma, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama," alinong'ona.

Evarista alichungulia nje haraka. Anitha angesikia ile shikamoo, pambano lingeharibika palepale.

"Marahaba. Umeleta kiatu?"

"Hapana. Nimesikia mabuti ya Octavian yako kwako."

Evarista akasogeza nyundo karibu. "Unataka kuyafanyia nini?"

"La kushoto uliongezee sponji kisiginoni. Nene." Alivua kofia, na ndani yake hakukuwa na profesa yeyote, ni kijana tu aliyechoka, mwenye madoa ya gundi ya mabomba vidoleni, kumbe kazi yake hasa ilikuwa kuziba mabomba ya hosteli za wanafunzi. "Mimi ndiye ninayemnyanyua, mama, na mimi ndiye ninayemshusha. Mara ya mwisho nililisikia goti lake. Watu walikuwa wananizomea, hawakusikia. Mimi nilisikia."

Evarista akairudisha nyundo mahali pake. Halafu akachukua kamba. "Inua mikono."

Kamba ilimzunguka Thobias, mafundo yakapitana, na mkia uliobaki ungetosha kufungia mbuzi.

"Aa," alisema Evarista.

"Aa nini?"

"Aa tu. Na mkanda, unautaka?"

"Mama, hata mimi nina kiuno." Akarudisha kofia kichwani. "Kuzomewa hakunisumbui, ni kazi, na naifanya vizuri. Ila siku moja ningependa wanizomee nikiwa nimeubeba."

Kwa hiyo haikuwa ya huyu wala ya yule. Usiku wote Evarista alipitia viuno vya Dodoma kimoja kimoja kichwani, akazichambua sura za wapiganaji wote anaowajua, wazima na waliostaafu, wala hakuna ambaye kamba ingemwenea. Alhamisi asubuhi alimkuta Masudi kwa mama ntilie, amewapa mgongo wapita njia, anakunywa chai na maandazi. Hakumsalimu. Alimzungushia kamba kwa nyuma, taratibu, kama anavyopimwa ng'ombe.

Fundo likagusa fundo.

Masudi akaganda, andazi limefika nusu ya safari.

"Umejipima mwenyewe," alisema Evarista.

"Mama Debora, punguza sauti."

"Umejipima mwenyewe, Masudi."

"Nilitaka cha katikati. Yule mnene, yule mwembamba, mimi niko katikati." Akatazama huku na huku. "Sijaamua nani anashinda. Nikiamua Jumatatu, Jumanne wanajua mpaka Chamwino. Unaufahamu mdomo wangu. Mwaka juzi nilimwambia kinyozi mmoja tu, siku ya pambano watu wakaja wanashangilia kabla kengele haijapigwa. Safari hii nikasema nitawanong'oneza vyumbani, dakika tano kabla."

"Na mkanda?"

"Si unatupwa begani tu?"

"Mkanda usiofungika ni mkeka. Nikishona huu wa kwako, Octavian haumfungi. Nikishona wa Octavian, Profesa akiuvaa ncha inazunguka mpaka kitovuni inafunika bati. Atakuwa bingwa wa kitu ambacho hakisomeki. Na ngozi ninayo moja. Sema leo."

Masudi aliling'ata andazi, akalitafuna muda mrefu, na Evarista akaona usoni mwake kitu kinachofanana na mtu aliyeombewa akapona.

"Basi wewe kata," alisema. "Utakayemkatia, huyo ndiye bingwa. Usiniambie. Nitaupima kwa macho Jumamosi."

Alasiri ile Evarista aliitandaza ngozi mezani, akaipiga maji kidogo, akaivuta. Akachora mstari wa kwanza kwa chaki, kiuno cha Thobias. Akachora wa pili mbele yake, kiuno cha Octavian. Kati ya mistari miwili palikuwa na kipande cha ngozi kisichozidi urefu wa mkono, cheusi, kitulivu, kisichojua kama watu wanakigombania. Alinoa kisu. Alikunywa maji. Mawazoni alimwona bibi mmoja asiyemfahamu amebeba kiti cha plastiki kichwani kutoka Mtera. Alimwona kijana amesimama katikati ya kelele, peke yake ndiye anayelisikia goti la mwenzake. Aliweka kisu kwenye mstari wa kwanza, akakiinua. Akakiweka tena.

Hapo mikono ikamkumbusha inachokijua. Ngozi ndefu mtu anaweza kuirudia mwaka ujao akaipunguza. Fupi hairefushwi.

Akakata mstari wa pili.

Anitha alikuja jioni kuchungulia. "Umemkatia nani?"

"Ng'ombe," alisema Evarista. "Ngozi ni yake."

Ijumaa mchana Thobias alipita tena uchochoroni kuulizia sponji, akauweka mlangoni mfuko wenye joho lake. Evarista akampa buti la kushoto, naye akaingiza mkono ndani, akabonyeza kisigino, akabonyeza tena, akaridhika. Ndipo alipouona mkanda umening'inia kwenye msumari, bati linang'aa, nyuzi zimekaa sawasawa. Hakuuliza kama anaruhusiwa. Aliutoa, akajizungushia juu ya shati.

Ncha ilimzunguka ikarudi mpaka mbele, ikalifunika bati lote.

"Haya," alisema. Sauti yake haikuwa na kitu cha kushikika. "Mama yake atafurahi."

"Sponji nimeweka mbili," alisema Evarista, macho kwenye sindano.

Akauvua, akaukunja kwa uangalifu ili bati lisijikwaruze, na ulipogeuka upande wa ndani akaona mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umepigwa kwa ncha ya kisu toka ukingo hadi ukingo, na pembeni yake vitundu vitatu vidogo vya kifungio vimewekewa alama bila kutobolewa. Alijipima tena, safari hii polepole, mpaka mstari ulipofika pale ulipotakiwa kufika, kiuno chake barabara.

"Huu mkwaruzo ni wa nini, mama?"

"Kisu kiliteleza."

"Kimeteleza kikanyooka hivi?"

Evarista akapitisha uzi kwenye nta, akavuta, akapitisha tena. Nje, Anitha alikuwa ameliona bega la joho jeusi linachomoza kwenye mfuko mlangoni, ameanza kuzomea, na wauza nyanya wakampokea, kisha wa mchele, mpaka safu nzima ya soko ikawaka. Profesa wa Chimwaga hakutoka bado. Alisimama pale kwenye mwanga mdogo wa kibanda, mkanda mikononi, kidole gumba kinakwenda na kurudi juu ya ule mstari.