Pua ya Mama Uzair

Mtaani Kaloleni, Khadijah, ambaye wengi walimwita Mama Uzair, alisifika kwa kukanda watu. Mafuta ya karafuu na ya mkaratusi aliyachanganya na ya simsim bila kipimo. Akinusa tu, anajua yamefika. Kisha mafua makali yakampata, na yalipokwisha yakaondoka na uwezo wake wa kunusa. Hakumwambia mtu. Nani angemwita tena? Akawa anachanganya kwa kubahatisha, na kila akifungua chupa mbele ya mteja alivuta pumzi ndefu, akatikisa kichwa kama aliyeridhika.

Siku hiyo alikwenda kumkanda magoti Vaishali, mama yake Mitesh wa duka la vitambaa, mteja wake tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Alimimina mafuta kiganjani, akaanza kazi huku akieleza jinsi karafuu inavyopasha mishipa joto.

Vaishali akamshika mkono. "Mama Uzair, ngoja. Hii umetoa wapi?"

"Nimetengeneza mwenyewe, Mama Mitesh. Kwani husikii karafuu?"

"Mimi nasikia samaki."

Khadijah alileta kiganja puani. Hakusikia kitu. Akainua chupa dirishani, akaona chenga nyeusi zimetuama chini. Hapo akaelewa. Hadiya, mke wa mwanawe, hukaanga samaki wa kuuza, na mafuta yanayobaki huyachuja kwenye chupa kama hiyo hiyo. Na katika nyumba hii ya Vaishali, ambao kwa dini yao hawali nyama wala samaki, hata yai halikuwahi kuingia.

"Ni huyu Hadiya!" alisema haraka. "Huyu msichana ananiwekea vitu ovyo..."

"Usimgombeze mtoto wa watu," Vaishali alisema polepole. "Tangu Ramadhani mafuta yako hayana harufu. Nilinyamaza, nikafikiri labda uko na shida nyumbani."

Heri angemtukana. Kumbe siku zote hizo alipokuwa akijifanya kunusa, mwenzake alikuwa akimtazama na kumhurumia.

"Pua yangu imekufa," alisema, macho sakafuni.

Akaomba maji moto na sabuni, akamwosha magoti, kisha miguu hadi nyayo. Vaishali alimwacha aoshe. Hakumwambia, "Si kitu."

Kutoka hapo hakwenda nyumbani. Alikwenda mtaa wa Nyamasaria kwa Selpha, mama wa mtoto mchanga ambaye Khadijah alikuwa akimpaka mafuta kifuani. Alimweleza akiwa bado mlangoni.

"Kwa hivyo ile ulimpaka juzi," Selpha aliuliza, "hukujua ni nini?"

"Sikujua, mama. Amekohoa? Ngozi imebadilika?"

"Hapana." Selpha alimfunika mtoto vizuri. "Sawa. Nitakupigia simu."

Khadijah alijua hatapigiwa. Alijitanda ushungi, akarudi barabarani. Zilikuwa zimebaki nyumba nyingine za kwenda kusema maneno hayo hayo.